Sura Ambayo Mzee Tharsisi Hajaisoma

Mzee Tharsisi Nduwayezu alitunza stoo ya michezo ya chuo chetu kwa miaka kumi na sita. Stoo hiyo na maktaba ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa makabati mawili ya bati. Upande huu vilikaa vitabu vyangu mia nne na kitu, upande ule mipira minne, wavu mmoja, pampu na madumu ya maji. Kwa hiyo tangu nilipoajiriwa kuwa mkutubi msaidizi, miaka miwili iliyopita, nilisikia kila alichofanya yule mzee, hata kikohozi chake cha asubuhi. Naye, bila shaka, alisikia miayo yangu.

Chuo chetu kinaitwa Chuo cha Ualimu Gasenyi, kiko nje kidogo ya Kasulu mjini. Wanafunzi hawafiki mia mbili. Ligi ya mpira wa wavu ya wanawake tunayocheza ina timu tano, mwaka mwingine nne, na matokeo yake hayasomwi redioni wala hayaandikwi popote. Mzee Tharsisi aliyajua yote. Angeweza kukwambia msichana gani alianzisha mpira mara tisa mfululizo bila kukosea mwaka 2016, na kwamba siku hiyo kulikuwa na matope, na kwamba msichana huyo sasa anafundisha darasa la pili huko Gwarama na amenenepa.

Alipenda vitu ambavyo watu wengine walishamalizana navyo. Alikuwa na redio kaseti, na kaseti ya bendi moja ya Kigoma mjini iliyorekodi nyimbo nne kisha ikavunjika. Hakuna anayeikumbuka. Katika wimbo wa tatu, kwenye ubeti wa pili, mpiga gitaa anakosea, kisha anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mzee alipofika hapo alikuwa anaacha alichokishika mkononi.

"Umesikia, mwananje?" ananiuliza kutoka ng'ambo ya kabati, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao.

"Nimesikia, mzee."

"Kakosea tena."

Tuliambizana hivyo labda mara mia mbili. Siku nyingine nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kujibu, lakini nilijibu.

Alizaliwa Burundi. Alivuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka tisa, mgongoni kabeba mdogo wake, na akakulia katika makazi ya Katumba. Uraia wa Tanzania aliupata akiwa na zaidi ya miaka hamsini, na cheti chake alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni katikati ya Biblia. Habari hizo alizisimulia upesi upesi, kama mtu anayejaza fomu. Habari aliyoisimulia taratibu ni ya mwalimu wake wa darasa la saba.

Mwalimu huyo alikuwa kijana wa Tabora. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea riwaya ya upelelezi iliyochapwa kwenye karatasi duni, inayoitwa *Kifo Stesheni ya Malongwe*. Mkuu wa stesheni anakutwa amekufa kwenye chumba cha tiketi, mlango umefungwa kwa ndani, na Inspekta Mahimbo anashuka kwenye garimoshi la mizigo kuja kupeleleza. Kitabu kina sura ishirini na mbili. Walipofika sura ya ishirini na moja, mwalimu akahamishwa. Aliondoka Jumatano, na kitabu chake.

"Watoto hamsini na wawili," Mzee Tharsisi aliniambia, "tumekaa na maiti ya yule mkuu wa stesheni mpaka leo."

Alikiona tena kitabu hicho mwaka 2013, sokoni Kasulu. Mama mmoja muuza karanga, Mama Mwajabu, alikuwa na rundo la karatasi kuukuu za kufungia, na kitabu kilikuwa juu ya rundo, kimeshachanwa jalada. Jina la mtunzi lilikwisha kwenda na karanga za mtu. Mama Mwajabu yupo bado, na aliwahi kunisimulia upande wake.

"Mzee akanishika mkono! Anasema, mama, usichane tena. Nikamwambia, baba, kama ni barua ya ndugu yako, mimi sikujua. Anasema si barua, ni mtu ameuawa. Jamani! Nikamwachia vyote, karanga na kitabu, nikasema huyu akili zake leo haziko sawa."

Unaweza kudhani alirudi nyumbani akasoma sura ya mwisho usiku huo huo. Mimi ningefanya hivyo. Yeye aliamua kuisoma riwaya ile tangu mwanzo, kwa sauti, mbele ya watu, kama alivyosomewa. Watu aliokuwa nao ni wasichana wa timu ya mpira wa wavu. Kila Jumatano baada ya mazoezi waliketi sakafuni stoo, magoti yana vumbi jekundu, naye akawasomea sura moja. Walipofikia sura ya mwisho, ilikuwa imebaki siku mbili wacheze na chuo cha Kibondo, na nahodha wa wakati ule akasema, "Mzee, hiyo itunze. Tukiwafunga Kibondo utusomee. Tusipowafunga, hatustahili." Mzee akaahidi. Alikuwa amesubiri miaka thelathini na minne, siku mbili zingemdhuru nini?

Wakafungwa. Mwaka uliofuata wakaja wasichana wengine, akaanza tena sura ya kwanza, na ahadi ile ile ikarithiwa pamoja na jezi. Wakafungwa tena. Ukiondoa mwaka ule ambao vyuo vilifungwa kwa ajili ya ugonjwa, Gasenyi walifungwa na Kibondo mara kumi. Wasichana waliondoka na vyeti vyao wakaenda kufundisha Kibondo, Kakonko, Uvinza, bila kujua nani alimuua mkuu wa stesheni. Wengine bado wanapiga simu kuuliza.

Mwezi Machi mwaka huu Mzee Tharsisi aliniita upande wake wa kabati akafunga mlango. Nilikuwa nimeshahisi jambo lenyewe. Siku za Jumatano alikuwa akifunua kurasa bila mpangilio, na mara moja nilimwona ameshika kitabu juu chini huku maneno yakimtoka barabara. Alikuwa anasoma kwa kichwa.

"Macho yameondoka," alisema. "Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Naona mwanga, naona mtu akiwa karibu. Herufi sioni. Sura ishirini na moja ninazo hapa." Akajigusa paji la uso. "Ile moja sinayo."

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita na hautaongezwa. Mke wake, Mama Esteri, alikuwa amekwisha tangulia Busunzu kwenye shamba la urithi wake, maharage na mihogo, na alikuwa anamsubiri. Mechi na Kibondo ilikuwa Mei, na safari hii uwanja ulikuwa wetu.

"Wakishinda, utasoma wewe," akaniambia. "Mimi nitakaa chini na watoto, nisikilize."

Nilimwambia kwamba mimi mbele za watu sauti yangu hukauka, na hiyo ndiyo sababu niliomba kazi ya maktaba badala ya darasa.

"Utakunywa maji," akasema. "Maji ninayo hapo, madumu sita."

Jumamosi ya mechi alichora mistari ya uwanja kwa majivu mwenyewe, akiongozwa na kamba. Ilikuwa imepinda kidogo, na hakuna aliyesema kitu. Kisha akaweka kigoda chake karibu sana na mstari wa pembeni. Goti lake la kushoto halikunjiki tangu alipoanguka na bodaboda, kwa hiyo mguu ule hukaa umenyooshwa mbele kama gogo. Mwalimu Khamisi, kocha wetu, akamwendea.

"Mzee, rudi nyuma kidogo. Utagongwa na mpira."

"Nikirudi nyuma sioni."

"Hata hatua tatu tu."

"Khamisi, huu ni mchezo wangu wa mwisho. Niache nione mpira."

Mwamuzi naye akamtazama, akautazama ule mguu, akaona mvi, akapuliza filimbi mchezo uanze.

Tuliwahi kuwa na timu nzuri zaidi, yeye mwenyewe alikiri. Lakini hawa walikuwa wakaidi. Divine, nahodha, anasomea ualimu wa hisabati na ana mdomo usiotulia. Benita wa Gwarama, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni mfupi, mkimya, na hapana mpira anaoukubali uguse chini. Tulishinda seti ya kwanza. Tukapoteza ya pili na ya tatu. Tukashinda ya nne, na wakati huo hata wapishi walikuwa wameacha sufuria za maharage wamesimama kwenye ukingo wa uwanja na miko mikononi.

"Kibondo leo mtarudi kwa miguu!" Divine aliwapigia kelele upande wa pili.

"Kalale, dada! Mara kumi hukuzihesabu?" wakamjibu.

Seti ya tano huchezwa mpaka kumi na tano. Ilifika kumi na tatu kwetu, kumi na nne kwao. Mzee Tharsisi alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili, amekifunga ndani ya gazeti. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeanza kuamini kwamba nitasoma.

Kibondo wakapiga, mpira ukagonga mikono ya Divine kwenye wavu, ukaruka juu kuja upande wetu, juu ya kigoda cha mzee. Haukuwa mpira mgumu. Benita alikuwa anaiokoa mipira ya namna hiyo hata akiwa na malaria. Akaja mbio, macho juu, na alipobakiza hatua moja akatazama chini, akauona ule mguu.

Kwetu huku hatuvuki miguu ya mtu aliyeketi. Mtoto akiivuka kwa bahati mbaya hurudishwa aivuke tena kinyumenyume ili afute alichofanya. Mtu mzima haivuki kabisa, na miguu ya mzee hata kufikiria kuivuka hufikirii. Benita hakufikiri. Alisimama tu, kwa namna ambayo mwili umefundishwa kusimama, na mikono yake miwili ikabaki angani. Mpira ukaanguka nyuma ya kigoda, ukadunda mara mbili, ukanigusa mguuni.

Kumi na tano kwa kumi na tatu. Kibondo wakaingia uwanjani wakirukaruka.

"Nini?" Mzee Tharsisi akaniuliza. "Nini kimetokea? Nani amepata?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa sababu angeyasikia tu kutoka kwa wapishi. Akauvuta ule mguu kwa mikono yake, akaupindisha pembeni, kama vile bado kulikuwa na faida. Baadaye alikwenda kufungua wavu mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa. Benita alikuwa amejifunika jezi usoni. Divine alikuwa anamfokea, halafu anamkumbatia, halafu anamfokea tena.

"Ungemruka, upige mpira, halafu umruke tena kurudi, yaishe! Mzee angekasirika? Mzee anataka sura yake!"

"Nimemkuta pale," Benita akasema. "Ningefanyaje? Nimemkuta pale."

Jumapili mchana nilikuwa maktaba napanga vitabu, kazi ambayo hakuna aliyeniagiza. Mzee alikuwa upande wake anahesabu vifaa kwa ajili ya kukabidhi. Wasichana wakaja wote saba, bado na nguo za kanisani, wakajipanga mlangoni. Benita akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo wasichana wa huku Buha, nchi ya Waha, wanapomwamkia mkubwa, na akaanza kuomba msamaha.

"Inuka," mzee akamkatiza. "Kocha aliniambia nirudi nyuma. Hatua tatu. Mguu ni wangu, kosa ni langu. Wewe umefanya alivyokufundisha mama yako."

"Hata kama angeokoa, mzee, ingekuwa kumi na nne kwa kumi na nne," akasema Divine. "Tungeweza bado kufungwa."

"Tungeweza."

"Kwa hiyo tumekuja na hesabu."

"Hesabu gani tena?"

Divine akakohoa kama mtu aliye ubaoni. "Kumfunga Kibondo ni seti tatu. Sisi tumepata mbili. Sura ya mwisho ina kurasa ngapi?"

Akanigeukia mimi. Nikakichukua kitabu, nikatazama. Kuanzia mia moja sabini na moja mpaka mia moja themanini na tano.

"Kumi na tano," nikasema.

"Kumi na tano gawanya kwa tatu, zidisha mara mbili. Kumi. Mzee, unatudai tano, sisi tunakudai kumi. Tupe kumi zetu."

Mzee Tharsisi akamgeuzia uso. "Nani amekufundisha kugawa hadithi kama nyama ya harusi?"

"Wewe mwenyewe. Wewe ndiye uliyeifanya kuwa zawadi. Zawadi ina mahesabu."

"Na waliokutangulia? Wa mwaka 2019 walipata seti moja. Na wao nitawapa kurasa tano kwa simu?"

"Hao waje na hesabu yao."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Nilikuwa nimemfahamu vya kutosha kuona kwamba anapima, na kwamba kilichokuwa kinamtesa si wasichana wale. Alijua kwamba akisema hapana, basi imekwisha. Hakutakuwa na Jumatano nyingine. Na akisema ndiyo kwa yote, atakuwa amejizawadia sura nzima kwa kosa la mguu wake mwenyewe.

"Kumi," akasema mwishowe. "Hata mstari mmoja usizidi. Mkutubi, kunywa maji."

Akashuka chini, kwa shida, akaketi sakafuni kati yao, na wasichana wakasogea mbali ili mguu wake upate nafasi. Nilisoma. Ukurasa wa kwanza sauti yangu haikutoka vizuri.

"Madam, sauti! Huku nyuma kama unaungama kwa padri!"

Nikasoma kwa nguvu zaidi. Inspekta Mahimbo anawakusanya watu wote kwenye chumba cha abiria wa daraja la tatu: mlinzi, karani wa tiketi, mjane, mchuuzi wa mayai, fundi wa reli. Anaongea mno. Kusema kweli, kama mtu aliyesomea fasihi, niliona kwamba sura hiyo ni dhaifu kuliko zilizotangulia, mtunzi anarudia mambo na anakosea jina la mjane. Lakini niliponyanyua macho nilimwona Mzee Tharsisi amefunga macho yake, midomo inatembea nyuma ya sauti yangu, anayaweka maneno kichwani moja moja. Nikapunguza mwendo ili ayashike yote.

Ukurasa wa kumi, mia moja na themanini, Inspekta anafunga mlango, anatia ufunguo mfukoni. Nikasoma: "'Mabibi na mabwana, aliyemuua mkuu wa stesheni ameketi katika benchi hili, na miguuni amevaa...'"

Nikanyamaza. Ukurasa ulikuwa umekwisha.

"Amevaa nini?" wakapiga kelele wote saba kwa pamoja.

"Amevaa nini, Madam? Geuza tu!"

"Mzee, neno moja!"

Mzee Tharsisi alikuwa ametangulia kunyoosha mkono. Nikampa kitabu. "Kumi ni kumi," akasema, na nilisikia jinsi ilivyomgharimu.

Wakaanza kubishana pale pale. Karani alikuwa na viatu vya kuazima kwenye sura ya sita. Hapana, mchuuzi wa mayai hakuwa na viatu kabisa, kwa hiyo si yeye. Divine akasema ni mjane, wanawake wa riwaya za zamani siku zote ndio wauaji, na akapigiwa kelele. Wakamuuliza mzee, yeye anayeijua hadithi kwa kichwa, na mzee akawakumbusha kila kiatu kilichotajwa tangu sura ya kwanza, stesheni nzima, mmoja mmoja, mpaka kengele ya chakula ikagonga na hakuna aliyeinuka.

Alikabidhi stoo Ijumaa ya tarehe ishirini na saba mwezi wa sita. Aliyepokea, kijana wa ofisini, alihesabu mipira minne, mmoja haushiki upepo, akaandika. Kitabu hakikuwamo kwenye orodha.

"Hicho chako, mzee, ondoka nacho."

"Si changu. Cha timu." Akamwita Benita, ambaye anabakiza mwaka mmoja, akamwekea mikononi. "Utaanza sura ya kwanza na wale wapya. Jumatano. Usiwasomee haraka."

"Na ya mwisho?"

"Unajua sheria."

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza stendi. Kulikuwa na ukungu na baridi ya Kasulu ya mwezi wa sita, na gari la Kibondo lilikuwa linapakia magunia. Alikuwa na begi moja, kigoda, na redio kaseti ndani ya mfuko. Kisha nikamuuliza nililokuwa nalo tangu Jumapili ile. Kitabu kilikuwa bwenini kwa Benita, mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kukikimbilia. Kurasa tano ni robo saa, na gari lilikuwa bado.

"Mzee, hutaki kujua?"

"Nataka," akasema. "Nataka sana."

Akaniambia nimwonyeshe mlango wa gari ulipo. Nikamshika kiwiko, akapanda, kondakta akamketisha kiti cha mbele, mahali pa kunyoosha mguu. Akateremsha kioo, akanitafuta kwa sauti.

"Mwakani mechi ni kwao Kibondo. Kutoka Busunzu si mbali. Mwambie Khamisi anitumie tarehe."

Nikasema nitamwambia.

"Usisahau, mwananje. Yule hasahau makusudi, ila anasahau."

Gari likaondoka. Nikarudi chuoni kwa miguu, nikafungua maktaba, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi hakuna aliyekuja.